Moto Unaotokana na Hewa: Kutoka kwa Fundi wa Kayanga hadi Bweranyange

Hivi karibuni, mjini Kayanga, fundi baiskeli mmoja alikubali kunisaidia kutengeneza kifaa ambacho wanafunzi wangu hawakuamini kuwa kinawezekana. Tulichukua bomba jembamba la chuma, tukaliziba upande mmoja, kisha tukachonga kijiti cha kuingia ndani yake. Karibu na ncha tulikizungushia mpira uliopakwa mafuta ili hewa isitoroke. Kwenye ncha yenyewe tukaweka kipande kidogo cha pamba iliyounguzwa. Kijiti kikisukumwa kwa pigo moja la ghafla, hewa hubanwa mpaka ibaki kama sehemu ya 20 ya ujazo wake, hupata joto kali, na pamba hushika cheche. Mara sita za kwanza tuliambulia jasho tu, kwa kuwa mpira ulivuja. Mara ya saba cheche ikaonekana.

Watu wa Kusini-Mashariki mwa Asia walitumia vifaa vya namna hiyo, vya mianzi na vya pembe, muda mrefu kabla Rudolf Diesel hajajenga injini yake ya kwanza iliyofaulu mwaka 1897. Mashine ya dizeli inayosaga mahindi yetu haina plagi: huwaka kwa hewa iliyobanwa.

Sina ushahidi kwamba wazee wa Karagwe walikuwa na kifaa hiki, wala sitawazulia sifa. Moto waliupekecha kwa ulindi. Lakini hewa waliijua kwa njia nyingine, na hapo ndipo historia yetu inaposomeshwa nusu. Mvukuto wa mhunzi hauwashi moto. Huulisha pumzi kupitia mirija ya udongo hadi jiwe litoe chuma.

Ufalme wa Karagwe ulienea pia katika eneo ambalo leo ni Kyerwa, wilaya iliyomegwa mwaka 2012. Mapokeo yanamtaja mfalme Ndagara kuwa mhunzi, na huko Bweranyange hazina ya kifalme ilikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Speke alipofika mwaka 1861 na kupokewa na Rumanyika, mwana wa Ndagara, aliikuta nchi ambayo nyundo ilikuwa ishara ya utawala. Upande wa mashariki, Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 utafiti wa tanuri za kale, baada ya wazee wa Kihaya kuwajengea upya tanuri na kuyeyusha chuma mbele yao. Walidai kwamba mirija iliyoingizwa ndani ya tanuri iliipasha hewa moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na mjadala ni halali. Lililo nje ya mjadala ni kwamba wazee wale walikumbuka kazi.

Shuleni mimi nilifundishwa kubanwa kwa hewa kwa pampu ya baiskeli, na Karagwe kwa jina la Speke. Mhunzi hakuitwa katika somo lolote kati ya hayo mawili. Maofisa elimu na maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili wangeweza kumwalika, naye akaja na mvukuto wake. Gharama yake ni nauli na chakula cha mchana.

Kifaa chetu nilimwachia fundi. Nimeambiwa anakitumia kuwashia sigara za wateja, na anatoza.