Kuta za Mji Mkongwe, Mstari wa Tunduma

Mwongoza wageni wa Mji Mkongwe, Unguja, ana bahati ya mawe. Akisimama Forodhani anaikuta Ngome Kongwe imemsubiri, na jirani yake Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Akiingia vichochoroni hadi Mkunazini, anamfikisha mgeni kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kuta zimemshikia habari zote. Hata papasi, mwongozaji wa mitaani asiye na kitambulisho, humwonyesha mgeni mlango wa njumu, na mgeni akaondoka ameona kitu.

Tunduma, mji wa bara ulio mpakani na Zambia, hauna bahati hiyo. Ukishuka garini unapokewa na foleni ya malori, maduka ya jumla, bodaboda na vijana wenye vibunda vya kwacha. Wengi huamua papo hapo kwamba hapa hakuna cha kutembezwa. Nasema wanakosea, kwa sababu wanaipima historia kwa umri wa majengo.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliofahamika zaidi kwa kisiwa cha Helgoland. Ndani yake Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Mkataba huohuo ulichora mpaka kutoka Ziwa Nyasa, ukapanda Mto Songwe, kisha ukafuata ukingo wa bonde la Kongo kuelekea Ziwa Tanganyika. Tunduma imekaa juu ya mstari huo. Mgeni anayesimuliwa Unguja jinsi Sultani alivyopoteza mamlaka yake amesikia nusu ya habari. Nusu nyingine iko huku, kwa Wanyamwanga waliojikuta wamegawanywa pande mbili, na leo wana ndugu Tanzania na ndugu Zambia. Sijui kwa nini waongozaji wa pwani hawaitaji Songwe hata mara moja wanapofika kwenye mwaka 1890.

Namna ya kusimulia nayo hutofautiana. Unguja msimulizi huanza na jumba, akamtaja aliyelijenga, kisha mwaka. Bara tuna desturi ya kumsindikiza mgeni: mwenyeji hutembea naye kipande cha njia, akimwambia shamba hili la nani, njia ile inaelekea wapi, ng'ambo ya mto amelala babu gani. Habari inakwenda na miguu. Desturi hiyo ndiyo inayoifaa Tunduma, kwa kuwa makumbusho yake yenyewe ni njia. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilibanwa, shaba yake ikahitaji bandari nyingine. Barabara ya Dar es Salaam ikatiwa lami, bomba la mafuta la TAZAMA likapita, na kati ya 1970 na 1975 Watanzania, Wazambia na Wachina wakajenga reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Msindikizaji anaweza kuanzia kituo cha reli, akafuata barabara, akamalizia kwenye kituo cha huduma za pamoja mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019. Foleni ya malori inayomkera mpita njia ndiyo mlango wake wa njumu.

Kipo hata cha kumchanganya kabisa aliyezoea masultani. Ndolezi, wilayani Mbozi, kuna kimondo cha chuma cha tani zipatazo 16. Ardhi imechimbwa kukizunguka, nacho kikaachwa juu ya kiguzo ili watu wakione hadi chini. Hapo hakuna mjenzi wala mfalme wa kutajwa. Atakayekisimulia lazima ajue mambo ya anga na madini, na nchi ya Wanyiha kilikoangukia.

Mkoa wa Songwe, zilimo Tunduma na Mbozi, ulianzishwa mwaka 2016, na mkoa mchanga hushawishika kuanza na mabango na sanamu za barabarani. Mimi ningeanza na watu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati mataruma yanalazwa sasa amevuka 70. Waliofanya kazi relini, madereva wa zamani wa njia ya Zambia na akina mama waliovusha mahindi enzi zile waitwe, wasikilizwe, warekodiwe, na vijana wanaotaka kuwa waongozaji watembee nao njia nzima.