Falsafa na Suala la Mtumwa

Makada wengi wakisikia neno falsafa hudhani ni jambo la wasomi wa vyuo vikuu, lisilomhusu mkulima wala mfanyakazi. Dhana hiyo imewafaa sana wanyonyaji. Neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, maana yake kupenda hekima, nasi tumelipata kwa njia ya Kiarabu. Lakini ni hekima ya nani, na kwa faida ya nani?

Katika karne ya 4 K.K. mji wa Athene uliishi kwa jasho la watumwa. Walilima, walihudumu majumbani, na maelfu walichimba fedha katika migodi ya Laurion. Jasho hilo ndilo lililowapa wachache nafasi ya kukaa na kufikiri. Mmoja wao alikuwa Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 K.K. Alikuwa na akili kubwa, wala hatuna haja ya kumpunguzia. Lakini katika kitabu chake juu ya siasa alidai kwamba wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile yao, na kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai.

Tuichambue hoja hiyo, maana ndani yake matawi makuu ya falsafa yanakutana. Kusema mtu ni mtumwa kwa maumbile ni kudai jambo juu ya asili ya vilivyopo: hiyo ni metafizikia, uwanja wa ugomvi mkongwe kati ya udhanifu, unaotanguliza fikra, na uyakinifu, unaotanguliza maada. Je, alijuaje? Hilo ni swali la nadharia ya maarifa. Aliwaona watu waliotekwa na kunyimwa elimu, akayachukua matokeo ya utumwa akayafanya kuwa chanzo chake. Kosa la namna hiyo hufichuliwa na mantiki, na ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeiwekea mantiki misingi yake huko Uyunani. Tena liko swali la maadili: ni haki mtu kummiliki mwenzake?

Wako wanaomtetea kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Utetezi huo haufai. Katika kitabu hicho hicho anaeleza kwamba walikuwako watu waliosema utumwa hautokani na maumbile bali na sheria na mabavu, kwa hiyo si haki. Alizisikia hoja zao, akashikilia yake.

Nayo haikufa pamoja naye mwaka 322 K.K. Mwaka 1550 na 1551, mjini Valladolid, Hispania, mwanachuoni Juan Ginés de Sepúlveda aliitumia kuhalalisha vita vya Wahispania dhidi ya wenyeji wa Amerika. Aliyempinga ni Bartolomé de las Casas, padri aliyeyaona maovu ya walowezi kwa macho yake. (Huyu naye hapo awali alipendekeza watumwa Waafrika wapelekwe huko, ushauri alioujutia baadaye.) Waamuzi wa mjadala huo hawakutoa hukumu ya pamoja, na kila upande ulijiona mshindi. Wakati huo machimbo ya fedha ya Potosí, yaliyoanzishwa mwaka 1545, yaliendelea kuchimbwa kwa mikono ya wenyeji hao hao.