Uvumi, Hofu na Mashine: Historia ya Kamenge katika Mjadala wa Hatari za Akili Mnemba

Tarehe 30 Mei 2023, mamia ya watafiti na wakuu wa kampuni za teknolojia, Geoffrey Hinton akiwa mmoja wao, walitia saini tamko la sentensi moja lililoiweka hatari ya akili mnemba kuangamiza binadamu katika daraja moja na magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Mjadala uliofuata umeelekea zaidi kwenye mashine itakayojipatia utashi wake yenyewe. Swali hilo lina uzito wake. Hata hivyo, historia ya Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, inaelekeza jicho mahali pengine: kwa binadamu anayepokea habari akiwa na hofu, na kwa faida anayoipata yule anayezieneza.

Kamenge uko kando ya barabara kuu inayotoka mjini kuelekea Bugarama na mpaka wa Rwanda. Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili husikika sokoni na miongoni mwa madereva. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia nchini Burundi, aliuawa katika jaribio la mapinduzi la wanajeshi. Mauaji yalienea nchini, na mitaa ya mji mkuu ikaanza kugawanyika kwa misingi ya kikabila. Kamenge na Kinama ikabaki kuwa mitaa ya Wahutu. Ngagara, iliyo jirani kabisa, ikawa ya Watutsi. Mwezi Juni 1995 jeshi liliingia Kamenge, na wakazi walio wengi wakakimbia.

Katika miezi hiyo habari zilisafiri kwa njia tatu. Kulikuwa na magazeti ya pande zote mbili, mengine yakichochea chuki waziwazi. Kulikuwa na Redio Rutomorangingo, iliyoanza mwaka 1994 kurusha matangazo ya waasi kutoka upande wa Zaire. Na kulikuwa na mdomo, uliofikisha hata yale ya magazeti kwa wasiosoma Kifaransa. Mkazi aliyeambiwa jioni kwamba mtaa utashambuliwa usiku alikuwa na hesabu fupi ya kufanya. Akiamini, na habari ikawa ya uongo, amepoteza usingizi wa usiku mmoja. Akipuuza, na habari ikawa ya kweli, amepoteza watoto wake. Kuamini uvumi, basi, hakukuwa ujinga, ingawa wanaoandika kutoka mbali hupenda kuuona hivyo. Msambazaji naye alikuwa na hesabu yake: aliyeonya bure hakulaumiwa, ilhali aliyenyamaza shambulio likatokea hakusamehewa. Jamii nzima ilimpa kila mtu sababu ya kusema zaidi na kuhakiki kidogo. Ubaya ulikuwa katika jumla yake. Vijana waliokesha na silaha wakilinda mtaa wao walionekana na mtaa wa pili kuwa wanajiandaa kushambulia, na uvumi wa huko ukapata ushahidi uliokuwa umeukosa jana yake.

Pamoja na hayo, uvumi wa wakati huo ulikuwa na breki. Ulitembea kwa miguu. Mchukuzi wake alikuwa na sura na jina, na angeweza kuulizwa amesikia kwa nani. Gazeti lilihitaji fedha za kuchapisha, na redio ilihitaji mtambo ambao mahali pake pangeweza kutafutwa.

Majaribio mawili ya kubadili hesabu hiyo yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko yanavyotazamwa kwa kawaida. La kwanza ni Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground. Timu zake ziliwachanganya waandishi Wahutu na Watutsi. Mpango huo ulisifiwa kama ishara ya upatanisho, lakini nguvu yake ilikuwa ya kikazi: kila mmoja aliweza kuingia mtaa ambao mwenzake asingeingia salama, na kila sentensi ilipaswa kukubaliwa na mtu ambaye watu wake wangeumizwa nayo endapo ingekuwa ya uongo. Uhakiki ulijengwa ndani ya ajira yenyewe. Kuanzia mwaka 1997 studio hiyo ilitoa pia mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, jina lenye maana kwamba jirani ndiye jamaa.

La pili ni kituo cha vijana cha Kamenge, Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2002. Kiliwakusanya vijana wa tarafa za kaskazini, Wahutu kwa Watutsi, kwa michezo, maktaba na mafunzo. Hakikuzuia vita, hakuna aliyepaswa kukitarajia kifanye hivyo. Kilichofanya ni kuwapa vijana sura na majina ya watu wa mtaa wa pili, hata uvumi juu ya mtaa huo ukawa jambo linaloweza kuulizwa.

Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio jingine la mapinduzi, redio binafsi zikiwemo RPA, Isanganiro na Bonesha FM zilishambuliwa na kunyamazishwa. Habari nyingi zikahamia kwenye simu, na hapo ndipo historia ya Kamenge inapokutana na mashine. Mwaka 2018 Facebook ilibadili algorithimu yake ili kuyapa uzito zaidi maudhui yanayozua majibu mengi. Nyaraka za ndani zilizotolewa na Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha kuwa watafiti wa kampuni wenyewe walitahadharisha kwamba hasira ndiyo iliyokuwa ikituzwa. Mashine haikuwa na chuki na kabila lolote. Iliikuta hesabu ileile ya mkazi wa Kamenge, ikaifanyia biashara. Katika Mahakama Kuu ya Nairobi kuna kesi, iliyofunguliwa Desemba 2022, inayodai kuwa mfumo huo ulichangia mauaji katika vita vya Ethiopia. Aprili 2025 mahakama iliamua kuwa ina mamlaka ya kuisikiliza. Madai yenyewe hayajaamuliwa, na kampuni husika inayapinga.

Akili mnemba inayozalisha sauti na picha inaondoa breki iliyosalia, yaani gharama ya kutunga. Sauti ya jirani anayeonya kuhusu shambulio la usiku inaweza kutengenezwa bila jirani huyo kujua, na swali la nani amesikia kwa nani likakosa wa kulijibu.

Breki huweza kurudishwa. Aprili 2020 WhatsApp ilizuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kampuni ilieleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70, ingawa watumiaji walibaki walewale wenye hofu zilezile. Hatua hiyo ilichukuliwa kwa hiari ya kampuni, na yaweza kuondolewa kwa hiari hiyohiyo. Hakuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoilazimu kubaki.