Wanajeshi 63, Mtetezi Mmoja

Tarehe 1 Novemba 1917, ndani ya kanisa la kambi ya Fort Sam Houston, jimbo la Texas, wanajeshi 63 walikalishwa pamoja kujibu mashtaka ya uasi na mauaji. Wote walikuwa weusi. Maafisa 13 wa jeshi waliokaa kuwahukumu wote walikuwa weupe. Ukipatikana na hatia, ungeweza kupata kitanzi. Na wa kuwatetea? Mtu mmoja: Meja Harry Grier. Aliwahi kufundisha sheria katika chuo cha kijeshi cha West Point, lakini hakuwa wakili. Alipewa kama wiki mbili kujiandaa.

Hebu piga hesabu. Wiki mbili, ugawe kwa watu 63: kila mmoja anapata saa tano na kitu, na hapo Grier halali wala hali.

Wanajeshi hawa walikuwa wa batalioni ya tatu, kikosi cha 24. Julai mwaka huo waliletwa Houston kulinda ujenzi wa Camp Logan. Houston ya wakati ule hata kwenye tramu weusi walikuwa na viti vyao, na sare ya jeshi haikubadilisha kitu. Tarehe 23 Agosti polisi walimburuta mama mmoja mweusi kutoka nyumbani kwake bila hata kumpa nafasi ya kuvaa vizuri. Askari aliyeingilia kati akapigwa, akakamatwa. Koplo Charles Baltimore alipoenda kuulizia habari zake, naye akapigwa, akafyatuliwa risasi, akawekwa ndani. Kambini wakasikia eti ameuawa. Baadaye alirudi akiwa hai, lakini hasira ilikuwa imeshapanda. Usiku ukaja uvumi mwingine, kwamba kundi la wazungu linakuja kuwavamia. Zaidi ya askari 100 wakashika bunduki wakaingia mjini. Karibu watu 20 walikufa: raia, polisi, na askari wenyewe.

Sitajifanya kwamba hakuna aliyeua. Waliouawa waliuawa na watu. Shida ni kwamba kulikuwa na giza na mvua, na raia walioona askari hawakuweza kusema ni yupi kati yao. Upande wa mashtaka ukategemea askari waliokubali kutoa ushahidi ili wao wenyewe wasishtakiwe. Yaani mtu anaokoa shingo yake kwa kutaja ya mwenzake.

Ushahidi wa namna hiyo ndio wakili mzuri huuchana vipande vipande. Lakini Grier angeanzia wapi? Tuseme askari mmoja alibaki hemani usiku kucha, na anajua ni jirani yake aliyetoka na bunduki. Wakili wake angemwambia aseme. Wakili wa yule jirani angesimama kumbana. Hapa wakili wa wote wawili ni yule yule. Akimvuta huyu, anamzamisha yule. Hata Grier angekuwa bingwa wa mahakama, kesi ilimfunga mikono kabla hajafungua mdomo.

Kesi ilichukua siku 22. Watano tu waliachiliwa. Wanajeshi 13 walihukumiwa kifo, na tarehe 11 Desemba, kabla jua halijatoka, wakanyongwa wote kando ya kijito cha Salado. Rufaa haikuwepo. Ilikuwa wakati wa vita, kwa hivyo idhini ya jenerali wa eneo ilitosha; faili halikumfikia rais. Wamarekani walikuja kusikia habari wakati wanaume hao wameshazikwa.

Kelele zilizofuata, nyingine kutoka kwa wanasheria wa jeshi lenyewe, zilizaa amri ya Januari 1918: hakuna kunyonga mpaka Washington ipitie kesi. Baada ya kesi ya kwanza zilikuwepo mbili nyingine za usiku ule ule. Watu 16 walihukumiwa kifo. Safari hii mafaili yalifika kwa Rais Woodrow Wilson, na 10 kati yao wakaondolewa kitanzi. Sita walinyongwa. Sijui ungewaambia nini wale 13 wa kwanza, waliotangulia amri hiyo kwa wiki chache tu.

Novemba 2023 jeshi la Marekani lilifuta hukumu zote 110, likakiri kwamba kesi hazikuwa za haki. Makaburi ya walionyongwa yalikuwa na jina na tarehe ya kufa, basi. Februari 2024 yakawekwa mawe mapya, yenye cheo na kikosi cha kila mmoja.