Mwendo Uliopotea Katika Picha za Kale

Mpiga picha asimamaye mbele ya kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, hana haja ya haraka. Bonge lile la chuma lilishuka kwa kasi kubwa, lakini sasa limelala. Shata ya kamera, yaani kilango kipitishacho mwanga, ikifunguka kwa sekunde kumi au kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, mradi mwanga umepimwa sawasawa, sura ni ile ile. Watu hawana utulivu huo, na hapo ndipo historia ya Afrika Mashariki ilipoingiwa na hila.

James Augustus Grant, Mskoti, alipiga picha Unguja mwaka 1860 kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Njia ya siku zile, iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilitaka kioo kipakwe dawa, kipigwe picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka, na mwanga ulihitaji sekunde kadhaa kuandika sura. Aliyesimama aliandikwa, aliyepita akawa ukungu, au hakuonekana kabisa. Njia yenye zogo yaweza basi kuonekana kama mahame. Na ni nani aliyesimama? Aliyelipwa, au aliyeamrishwa. Na katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, aliyeamrishwa huenda hakuwa na hiari. Hamali aliyekimbilia forodhani na mzigo hakuacha alama, ingawa mji ulikula kwa mabega yake. Mwanachuoni asomaye ukavu wa nyuso zile kuwa ni tabia ya wazee wetu, kwa hakika asoma tabia ya dawa.

Vioo vikavu, vilivyoanza kwa jaribio la Richard Leach Maddox mwaka 1871, viliondoa kikwazo hicho. Na mwaka 1888 Mjerumani Ottomar Anschütz alisajili shata ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini kasi nayo ina uongo wake. Katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo Mohamed Amin aliyapiga picha tangu ujana wake, gari likamatwalo kwa shata ya haraka mno huonekana limeegeshwa. Mjuzi huchagua sehemu moja ya thelathini ya sekunde, akaligeuzia gari kamera kadiri linavyopita: namba ya ubavuni yasomeka, vichaka vya nyuma vyageuka michirizi, na magurudumu, yaliyoachiwa ukungu kwa makusudi, yaonekana yakizunguka.