Mwani kwenye mimea ya tangi la samaki: tafuta sababu kabla ya dawa

Kwetu Pwani mwani ni mali. Kule Kibuyuni, Kwale, akina mama huulima baharini, wakauanika na kuuuza. Huku bara ninakoishi, karibu na Eneo la Viwanda Thika, nasumbuliwa na mwani mwingine: ule utelezi unaoshika majani ya mimea hai ndani ya tangi la samaki wa mapambo. Jamaa zangu wa Mombasa na Malindi wanaofuga samaki hao huniuliza watie dawa gani. Mimi huwaambia kwamba mwani ni dalili. Hushamiri pale mwanga na chakula vinapozidi uwezo wa mimea kuvitumia. Ukiuua na sababu ukaiacha, utarudi.

Ujue ni mwani gani

Vumbi la kahawia hutokea kwenye tangi jipya. Lifute kwa kidole. Mara nyingi hutoweka lenyewe baada ya wiki chache.

Madoa ya kijani yaliyoganda hukaa kwenye mimea inayokua polepole, kama anubiasi. Kwa kawaida mwanga umezidi.

Nyuzi kama nywele zizungushe kwenye mswaki wa zamani, uzivute nje.

Ndevu nyeusi hushika kingo za majani na hazitoki kwa kusugua. Kata jani lote.

Utando wa kijani-buluu wenye harufu mbaya ni bakteria, ingawa wengi huuita mwani. Ufyonze kwa mpira, zima taa na funika tangi kwa siku 3, huku pampu ya hewa ikiendelea kufanya kazi.

Mwanga

Thika iko karibu na ikweta, na mchana wake ni kama saa 12 mwaka mzima. Pwani ni hivyo hivyo. Tangi lililo dirishani hupigwa na jua hilo, kisha jioni mwenyewe huwasha taa juu yake. Mimi huliweka mbali na dirisha, na taa huwaka saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Saa ya soketi husaidia, maana binadamu husahau.

Chakula na maji

Chakula kisicholiwa huoza kikawa mbolea, na mbolea hiyo hulisha mwani. Wape samaki kiasi wanachomaliza kwa dakika 2. Kila wiki badilisha robo ya maji na ufyonze uchafu wa chini. Maji ya mfereji yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Kisha ongeza mimea inayokua haraka, kama valisneria au mimea inayoelea. Hiyo hushindana na mwani kwa chakula kile kile. Majani yaliyochakaa yakate, kwa kuwa ndiyo mwani huanza kushika.

Dawa

Ruiru ndiko iliko taasisi ya utafiti wa kahawa, na wakulima wa huku wanazijua dawa za shaba zinazokinga mikahawa na kutu ya majani. Mrututu ni katika hizo, na wapo wanaoutia kwenye tangi. Mimi siushauri. Shaba kidogo tu huua konokono na kamba wadogo, ambao ndio wala mwani. Katika maji yasiyo na chokaa nyingi, sumu yake kwa samaki huwa kali zaidi. Tena mwani ukifa wote kwa pamoja huoza na kumaliza hewa ndani ya maji. Asubuhi utakuta samaki wanahema juu.

Usitupe mtoni

Mimea uliyokata pamoja na mwani wake usiitupe mtoni wala mtaroni. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha uitie kwenye taka au mboji. Gugumaji lililoziba fukwe za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kama ua la mapambo.

Sisi watu wa Pwani jambo hili linatuhusu zaidi. Mto Thika huingia Tana, na Tana humwaga maji baharini Kipini. Mto Ruiru nao hufuata njia ya Athi na Galana mpaka Sabaki, kaskazini ya Malindi. Gugu likitupwa kwenye mito hii ya bara, wavuvi na wakulima walioko chini ndio watakaopambana nalo.