Kilele cha Margherita

Margherita, chenye mita 5,109, ni kilele cha juu kabisa cha Milima ya Rwenzori. Kiko kwenye Mlima Stanley, wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu yake. Msafiri wa kutoka Mbarara hupitia Ishaka, huvuka daraja la Katunguru na kufika Kasese, kisha huanza kukwea kutoka Nyakalengija au Kilembe.

Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alifika kileleni tarehe 18 Juni 1906 pamoja na waongozaji wake wa Alps, akakipa jina la malkia wao. Wakonjo waliobeba mizigo ya msafara ule wamepewa nafasi ndogo mno vitabuni, ingawa mlima ni wao na theluji ile kwao ni makao ya mungu wao Kitasamba.

Vita vimeugusa mlima huu zaidi ya mara moja. Tarehe 30 Juni 1962 Isaya Mukirane alitangaza Rwenzururu, eneo la milima hii, kujitenga na ufalme wa Toro, na mapigano yakaendelea milimani hadi mwafaka wa 1982. Novemba 1996 waasi wa Uganda wa ADF walishambulia Mpondwe, mpakani, kisha wakajichimbia katika misitu ya Rwenzori. Juni 1998 waliwaua wanafunzi katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, wengi wao wakichomwa moto bwenini. Hifadhi ya taifa ilifungwa tangu 1997 hadi 2001, na UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 1999 hadi 2004. Baadaye ADF walijikita upande wa Beni, Kivu Kaskazini nchini Kongo, wakaua raia wengi mno. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yamepokea watu wengi waliokimbia vita vya jimbo hilo. Historia ya kilele hiki isiyowataja waliofukuzwa na vita chini yake ina pengo kubwa.

Safari ya kwenda kileleni na kurudi huchukua takriban wiki nzima, sehemu kubwa ikiwa ni tope la bonde la Bujuku. Juu ya kibanda cha Elena huhitajika kamba, shoka la barafu na vyuma vya meno viatuni. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Kufikia 2003 ilibaki chini ya 1, na kadiri inavyopasuka na kurudi nyuma, waongozaji hulazimika kutafuta njia nyingine ya kufika kileleni.